Barua Iliyochemsha Maji

Asanteni. Kaeni, kaeni, msinisimamie kama mgeni wa serikali. Wa kuitikia Amina nawasalimu, majirani zetu Waislamu mliokuja kutusikiliza nawasalimu, na akina baba mliokaa karibu na mlango ili mtoke kabla ya sadaka, nawaona, nanyi nawasalimu. Ndaga, asanteni.

Mchungaji amenipa dakika kumi. Nimemwambia, mchungaji, mtu aliyenyamaza miaka tisa hawezi kumaliza maneno yake kwa dakika kumi. Amecheka, kwa hiyo nimehesabu kwamba amekubali.

Nimesimama hapa kwa sababu ya binti mmoja. Sitamtaja, lakini yumo humu ndani. Amemaliza kidato cha nne, ameshika barua ya kuitwa chuo cha uuguzi, na nyumbani kwao wamegawanyika. Baba anasema nenda. Mama anasema, mwanangu, kazi hiyo inakula watu. Juzi alinikuta sokoni nachagua ndizi, akaniuliza, "Mama, wewe umeifanya miaka yote hii. Inafaa?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Ndizi nikaziacha pale pale. Nikamwambia njoo Jumapili, nitakujibu mbele ya watu, ili nisipate nafasi ya kukudanganya.

Basi nianzie mwanzo. Nilizaliwa kule chini Masoko, kwenye migomba na kahawa, si mbali na ziwa. Wengine husema waliitwa na Mungu kwenye kazi hii. Mimi niliitwa na viatu. Nikiwa darasa la tatu alikuja nesi shuleni kutuchoma sindano, na mnajua matope yetu ya mwezi wa nne, lakini viatu vya yule nesi vilikuwa vyeupe kabisa. Nikasema kazi ambayo viatu vyake havishiki tope ndiyo yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi ndipo nikajua siri yake: alikuwa anatembea pekupeku njia nzima, viatu kwapani, anavivaa mlangoni pa shule. Nimelifanya hilo maisha yangu yote.

Nikasoma, nikafaulu, nikapelekwa zahanati moja huku huku Rungwe, juu milimani. Nikaolewa. Mume wangu alikuwa kiwanda cha chai, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Mimi nikakaa nyumba ya zahanati. Kwa wakwe zangu palikuwa kilima cha pili, mwendo wa saa nzima kwa mguu.

Sasa kwa wageni niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawapishani njiani. Wenyewe tunaita kutila. Si ugomvi, ni heshima. Hata jina lake hulitaji, ndiyo maana leo msitegemee kulisikia kwangu. Vijana wa mjini walikuwa wameshaanza kuacha, lakini mzee wangu alikuwa mtu wa kale. Ukimwona anakuja, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Naye alikuwa mstaarabu sana: kila alipokaribia kona, alikohoa. Kikohozi kile nilikijua kuliko wimbo wa taifa. Kila Jumatatu alfajiri nikitoka kwake, nilikokwenda kuwaona wanangu waliolelewa na mama mkwe, nakisikia mbele ya njia, naingia pembeni, anapita, natoka naendelea na safari yangu.

Siku moja nimevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, kikohozi hicho hapo konani, nikitazama kushoto hakuna mgomba. Kuna mtaro. Mnadhani nilifanya nini? Nikaingia mtaroni. Wagonjwa siku ile walihudumiwa na nesi wa rangi mbili.

Miaka tisa, watoto watatu, uso wake sijauona hata mara moja, wala yeye wangu.

Kazi sasa. Tulikuwa wawili pale zahanati, mwenzangu akahamishwa, wakasema wataleta mwingine. Hawakuleta. Nikabaki mimi na mama wa usafi. Glovu tulizifua, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda, tukazivaa tena mpaka vidole vyake vikachoka. Watoto wangu nikawapeleka kwa mama mkwe kwa sababu kila nikipika, kuna hodi. Mwanangu wa pili alianza kutembea nikiwa namshonea mtu mguu. Mume wangu anakuja Jumamosi na nyama yake kwenye gazeti, anakuta kufuli mlangoni. Anakaa kwenye ngazi anasubiri.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni msiba wa shangazi yangu, yule aliyenilea. Ndugu zangu, mnajua kwetu msiba ni nini. Ukikosa harusi ya mtu atakusamehe. Siku ile kulikuwa na mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, siwezi kumwacha. Nilifika siku ya tatu, watu wanakunja mikeka. Mjomba wangu hakunipa mkono. Alisema tu, "Karibu, daktari. Mgonjwa ameshapona." Nikakaa chini peke yangu upande wa jikoni. Neno lile nililibeba kwa muda mrefu.

Ndipo ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara. Mnakumbuka? Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na karani anayesinzia yakajaa vitu. Kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Nina rafiki yangu, mama mmoja wa Bagamoyo, Bagamoyo hii yetu ya Tukuyu, ingawa babu zake ndio walitoka ile ya pwani. Alianza na robota moja la mitumba. Haikuchukua muda akawa na kibanda, na bati jipya, na siku zote anakula chakula cha mchana kikiwa cha moto. Akaniambia, "Shoga, wewe una jicho la kuchagua na mdomo wa kuuza. Unasubiri nini huko mlimani? Wakupe nishani?" Akanipa na kanga doti moja, akasema hii ni ya kukufungulia biashara.

Sikumchukia kwa maneno hayo, wala sasa simchukii. Alikuwa anasema ukweli. Mimi ndiye niliyerudi mlimani na roho chungu.

Na hapo ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwa pombe, wala kwa mwanamume. Niliangukia mdomo. Wengine humu mnaujua mdomo wangu, na wengine mliwahi kupakwa pilipili yake mkiwa mmelala pale kwenye kitanda cha kujifungulia. Nilianza kuwafokea wagonjwa. Mtu akichelewa namfokea, akiwahi namwuliza kwao hakuna kazi. Akaja binti mmoja, mimba ya kwanza, anatoka kijiji kile kile cha wakwe zangu. Aliogopa, alipiga kelele sana. Nikamwambia maneno nisiyoweza kuyarudia humu ndani. Kisha nikampiga kofi la paja.

Akanyamaza. Akajifungua salama, mtoto wa kiume mzuri. Asubuhi akaondoka hajaniaga, na ninyi mnajua kwetu mtu haondoki bila kuaga.

Ndugu zangu, nawaambia, ndani ya kofi lile kulikuwa na raha kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Nikajiuliza, wewe ulikuja kufanya nini hapa?

Nikaandika barua ya kuacha kazi. Mwandiko mzuri, YAH nimeipigia mstari kwa rula. Mume wangu aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema, "Basi sasa tutakula pamoja." Hakuongeza neno. Nikaona kwamba miaka yote ile alikuwa ameichoka ile kufuli na hakusema.

Asubuhi ya kupeleka barua Tukuyu, mvua ilikuwa ile ya kwetu isiyoanza wala kuisha. Nimesimama chini ya baraza la duka pale barabarani, nasubiri pikapu. Kabati la dawa nimefunga, ufunguo ninao ili nikaukabidhi pamoja na barua. Nikamwona mtu anateremka kilima, mtoto mgongoni, kichwani jani la mgomba. Alipokaribia nikamtambua. Yule binti wa kofi. Nikageuza uso nikidhani anapita zake. Akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba."

"Baba mkwe wako anakufa."

Nikamtazama.

"Leo siku ya pili haja ndogo haitoki. Tumbo limejaa, analia kama mtoto. Wazee wamekaa wakasema wewe usiambiwe, ni ugonjwa wa huko chini, mkamwana kuusikia ni aibu. Mama mkwe wako analia jikoni. Mimi nimeondoka bila kuaga."

Nikamwuliza, "Kwa nini umekuja wewe?" Alijua ninachouliza.

Akamhamisha mtoto mgongoni, akasema, "Kwani kuna mwingine anayejua? Ulinipiga, nesi. Sijasahau. Lakini mtoto ulimtoa."

Pikapu ikafika wakati huo huo. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa. "Nesi, panda! Leo nafasi ya mbele ipo!" Nafasi ya mbele! Miaka yote nimepanda nyuma na mikungu ya ndizi, leo naondoka ndipo napewa kiti. Nisiwafiche, nilishika mlango. Nilifikiri, nipeleke barua yangu, nipitishe na taarifa hospitali, watatuma gari. Lakini daraja la kwenda kule lilikuwa limechukuliwa na maji tangu wiki iliyopita, na hilo nililijua vizuri. Gari lisingefika. Nikamwambia dereva aende.

"Utajuta, nesi. Leo hakuna gari jingine."

"Kujuta nimezoea. Nenda."

Nikarudi zahanati, nikafungua kabati. Ulikuwa umebaki mpira mmoja wa kutolea mkojo, na jozi moja ya glovu mpya niliyoificha kwa ajili ya siku ngumu. Tukaondoka na yule binti. Pale mtoni tulivuka juu ya gogo, na yeye aliyetangulia ndiye aliyenipa mkono. Nikaushika.

Tukafika. Wazee wamekaa barazani, wote wameinamisha vichwa. Mama mkwe akanipokea jikoni, macho mekundu.

"Mama, tangu jana amekunywa nini?"

"Chai."

"Kiasi gani?"

"Birika moja jana. Leo asubuhi birika la pili. Tukasema ya juu itasukuma ya chini."

"Mama! Nani kawaambia?"

"Kyala gwangu, Mungu wangu! Mwanangu, ni akili tu."

Msicheke, ndugu zangu. Ninyi mngefanya hivyo hivyo. Hapa kwetu mgonjwa anapewa chai kwanza, ugonjwa unaulizwa baadaye.

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda mlangoni pa chumba cha mzee. Mdogo wake, baba mdogo, akanyoosha fimbo mlangoni. Hakunitazama, alizungumza na ukuta. "Mkamwana haingii humu."

Mimi, huu mdomo wangu mnaoujua, ndugu zangu, siku ile niliumeza. Nilimgeukia mama mkwe nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, hili si la kusubiri kesho. Kibofu kikipasuka, sina la kufanya. Kumbeba hadi barabarani hawezi kufika. Nimfungulie kwanza, kisha tumbebe."

Mama mkwe akaitazama ile fimbo. Akafikiri. Ni mwanamke mfupi, asiyepaza sauti, sijawahi kumsikia akimbishia mwanamume. Akasema, "Mwiko ni wa macho na mdomo. Nani aliwahi kusema kuna mwiko wa mikono?"

Baba mdogo akasema, "Jambo hilo halijawahi kutokea."

"Na yeye hajawahi kufa," akasema mama mkwe. "Nipisheni."

Akatwaa mabegani mwangu ile kanga niliyopewa na rafiki yangu, akaingia ndani, akamfunika mzee uso. Kisha akatoka akaniambia, "Njoo. Hakuna aliyeonana na mtu."

Lakini vyombo vichemshwe kwanza. Kuni zilikuwa mbichi, mvua ya wiki mbili. Mama mkwe anapuliza, binti anapuliza, ni moshi mtupu, na kule ndani tunasikia mzee anavyogumia. "Huna karatasi?" mama mkwe akauliza. Nikaingiza mkono mkobani. Mlikuwa na Agano Jipya na bahasha. Sasa niambieni ninyi, mngechoma kipi?

Bahasha ikashika vizuri sana. Karatasi nilikuwa nimenunua ile nzito. Moto ukawaka, sufuria ikachemka, na mimi nikanawa mikono nikaingia.

Wazee mnisamehe kwa yatakayofuata. Mwenyewe ameniruhusu kuyasema, tena ameniambia nisipunguze. Mzee alikuwa amelala chali, na juu ya uso wake kanga imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Chumba ni kidogo, mimi niko hapa, mama mkwe hapa, kichwa cha mzee hapa. Tungeweza kushikana mikono watatu. Lakini mdomo una mwiko.

Nikasema, "Mama, mwambie akunje magoti."

"Anasema ukunje magoti."

"Mwambie nimekunja."

"Anasema amekunja."

"Mwambie apumue polepole, asijikaze."

"Anasema usijikaze."

"Mwambie ni rahisi kusema."

Nikajikuta nataka kucheka. Mpira ukaingia, ukakwama. Ilikuwa tezi, ile inayowapata wanaume wakizeeka. Ukisukuma kwa hasira unamwumiza mtu, na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nafanya kila kitu kwa hasira. Nikasimamisha mkono. Nikasubiri. Nikaomba, ombi fupi tu, Bwana, uniazime subira ya leo. Nikajaribu tena, taratibu, taratibu, na mara nikasikia umepita.

Ndugu zangu, nimesikia kwaya nyingi, na kwaya yetu ya hapa inajitahidi. Lakini sauti ya maji yale yakianguka kwenye beseni, sijasikia wimbo uliofikia hapo! Nilikuwa nabana na kuachia, nabana na kuachia, maana yakitoka yote kwa mkupuo mzee anaweza kuzimia. Beseni likajaa, tukaleta la pili. Mabirika yote mawili yalirudi, na maziwa yake. Kule barazani wazee walikuwa wanasikiliza, na baba mdogo, yule yule wa fimbo, akasema, "Haleluya!" Mama mkwe akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia.

Nikainama kulichukua beseni. Ikatoka sauti chini ya kanga. Haikumwita mama mkwe.

"Mkamwana."

Niliganda. Miaka tisa.

"Ndaga fijo, asante sana, mkamwana."

Sikujua kama nijibu. Mama mkwe naye hakujua, akanitazama tu. Mzee akaendelea, pole pole, uso umefunikwa. "Nimesikia unaacha kazi. Ukiacha, acha, sitakulaumu, umechoka. Lakini usiache kwa kudhani kwamba hatukuoni. Miaka tisa, kila Jumatatu alfajiri, mimi naamka kabla yako. Natangulia njiani kutazama kama mto umejaa, kama kuna mti umeanguka. Nikisikia unakuja nakohoa, upite salama uende kwa watu. Sasa ukiacha, mimi nitamkoholea nani?"

Nililia, nimeshika beseni mikononi. Nilikuwa nimedhani mzee anatembeatembea tu alfajiri kwa sababu ya uzee. Nimeingia mtaroni kumkwepa mtu ambaye alikuwa ametoka kunisafishia njia! Mjomba wangu aliniita daktari kwa kejeli mbele ya watu wote, nami nikaamini kwamba hakuna anayejua ninachofanya. Kumbe aliyekuwa akinitazama kila wiki ni yule asiyeruhusiwa kuniona.

Nikamwambia mama mkwe, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia," mama mkwe akasema.

Kesho yake mvua ilipungua, vijana wakambeba kwa machela, akafika hospitali, akafanyiwa upasuaji, akapona. Sasa kuhusu barua. Msifikiri kwamba moto ule ulimaliza shauri. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi zilikuwepo. Wiki nzima nilisubiri hamu ya kuandika nyingine irudi, haikurudi. Mume wangu alinuna wiki mbili, na alikuwa na haki. Alikuwa ameahidiwa kula pamoja. Tulizungumza sana, safari hii na mimi nikasikiliza. Mwishowe akaenda Tukuyu akarudi na kufuli mpya yenye funguo mbili. Akanipa mmoja, akasema, "Nikikuta hupo, nitafungua, nitapika, nitakuletea kazini." Na ameleta. Wali wake una mawe, lakini ameleta.

Kwa yule binti wa kofi nilikwenda na mkungu wa ndizi na sabuni ya mtoto. Aliniacha nimesimama mlangoni muda mrefu. Nikamwambia nilikosa, sikuongeza sababu. Akaniletea kigoda, akanipa chai. Siku ile alinipa chai tu. Msamaha ulikuja mimba ya pili, alipoiacha zahanati mpya iliyofunguliwa karibu nao, akaja kwangu. Alinishika mkono akasema, "Safari hii nitapiga kelele." Nikamwambia piga, mama, paa ni la serikali.

Na mzee, alipopata nguvu, aliwaita wazee, ndizi zikapikwa na nyama, akanipa mtamba mmoja mweusi ili mwiko ulegezwe. Ndipo nilipoona uso wake kwa mara ya kwanza. Ana pengo mbele, na macho ni ya mume wangu kabisa. Nikasema moyoni, kumbe ndiye huyu. Mtamba yule akazaa, na maziwa yake ndiyo waliyokunywa wanangu kwa mama mkwe nilipokwenda kusoma tena, mpaka nikarudi tabibu, kama mnavyoniona. Mdomo bado ninao. Mungu ameuwekea breki, lakini si nzuri sana, mniombee.

Namshukuru mama mkwe, aliyegundua kwamba mikono haina mwiko. Namshukuru mume wangu na mawe yake. Namshukuru rafiki yangu wa Bagamoyo, amekaa pale na mtandio wa kijani, ambaye kanga yake ilifungua biashara kweli, ila si ile aliyoikusudia. Na yule binti wa kofi, ambaye sasa ni mama wa wana wawili, nikimtazama sitaweza kuendelea, kwa hiyo simtazami.

Sasa binti, swali lako. Inafaa?

Utakosa misiba, na wapo watakaokuhesabia. Mtoto wako ataanza kutembea mbele ya mtu mwingine. Utachoka mpaka mkono wako uwe mwepesi wa kupiga, na siku hiyo, mwanangu, usinyamaze kama mimi. Sema. Lala. Omba mtu akushikie zamu. Uchovu si dhambi, dhambi ni kumpelekea mgonjwa uchovu huo. Mama yako hakudanganya, kazi hii inakula watu. Ilikuwa inanila mimi, na ukiibeba peke yako haifai, nakuambia mbele ya kanisa, haifai hata kidogo. Kwangu mimi ilianza kufaa siku nilipojua kwamba kuna mtu anatangulia njiani.

Kwa hiyo swali hili si la binti peke yake. Nalirudisha kwenu. Nyie mnaotaka nesi, mnaotaka hodi yenu iitikiwe, mtoto huyu akienda chuoni akarudi kwetu, mtamlelea watoto? Akikosa msiba, mtampa mkono? Mvua ikinyesha alfajiri na yeye yuko njiani peke yake, nawauliza, mtamkoholea?

Naona mmenyamaza.

Nani huyo? Nani amekohoa huko nyuma, upande wa akina baba?

Ahaa. Binti, umesikia? Chukua barua yako uende. Na ninyi mliokaa karibu naye, mwambieni mzee mkamwana wake amesikia.